Koo la mtoto, milango ya moyo: namna ya kuzuia kinga ya mwili isiugeukie moyo

Mtoto wa miaka 8 anaumwa koo Jumatatu. Anapewa panado, anasukutua kwa maji ya chumvi, na Alhamisi yuko uwanjani anacheza. Nyumbani jambo limekwisha. Wiki tatu baadaye goti linavimba na kuwaka moto, siku mbili hivi linapoa, kisha kifundo cha mguu wa pili kinaanza. Watu husema ameanguka shuleni. Kumbe wakati huo chembe nyeupe za damu yake zinashambulia milango ya moyo, nao moyo haulii kama goti.

Huu ndio ugonjwa unaoitwa homa ya baridi yabisi, na madhara yake ya kudumu ni ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi. Jina linapotosha. Ukisema baridi yabisi, watu wanafikiria magoti ya bibi, wakati homa hii ni ya watoto, hasa wa miaka 5 hadi 15. Na inazuilika kwa dawa ya bei nafuu, mradi mzazi na mhudumu wa afya waelewe kinga ya mwili inavyofanya kazi.

Askari wanavyokosea adui

Mchokozi ni bakteria anayeitwa streptokokasi wa kundi A. Amevaa protini inayoitwa M, ambayo kwa umbo inafanana na mayosini, protini ya misuli ya moyo. Sukari za kwenye ukuta wake nazo zinafanana na zile zilizomo kwenye vali, yaani milango ya moyo. Anapokaa kooni, seli B, aina ya chembe nyeupe za damu, hutengeneza kingamwili za kumkamata. Kwa watoto wengi vita huishia hapo. Kwa wachache, kingamwili hizo hukutana na vali zikaishika kana kwamba nayo ni adui.

Kinachofuata ndicho kinacholeta ulemavu. Utando mwembamba unaofunika vali unavimba na kuwa kama una gundi. Seli T, chembe nyeupe za aina nyingine ambazo kawaida hupita na damu bila kusimama, zinanasa pale na kupenya ndani. Nyuma yao zinakuja makrofaji, zile seli kubwa zinazomeza takataka, zinajikusanya na kufanya vinundu vidogo. Vita vikitulia, kidonda kinapona kwa kovu, na kovu hujikunja. Kingo za vali zinashikana, kamba zinazoizuia isipinduke zinafupika. Vali ya mitral, iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto, ndiyo hupigwa zaidi. Kwa mtu mzima mwenye afya tundu lake likifunguka lina sentimita za mraba 4 hadi 6. Likifika 1.5 au chini ya hapo, ugonjwa umeshakuwa mkali, na damu inarudi nyuma na kujaa kwenye mapafu.

Shikeni jambo moja hapa, maana maelekezo yote yaliyobaki yanatoka humo: seli hizi zina kumbukumbu. Kumbukumbu ileile inayofanya chanjo ya surua idumu miaka ndiyo inayofanya kila koo jipya la streptokokasi liamshe vita upya. Zaidi ya hapo, vali yenye afya karibu haina mishipa ya damu ndani yake, lakini ikishawaka moto mishipa huota, na mara ya pili askari wanapata barabara. Ndiyo maana shambulio la pili huharibu juu ya uharibifu, na la tatu juu ya la pili.

Wengi huuliza kwa nini askari wenyewe wasitulizwe kwa dawa kama prednisoloni. Hutumika, pale moyo unapovimba vibaya na mtoto anashindwa kupumua, ili avuke wiki zile. Lakini haijathibitika kwamba zinaokoa vali miaka ya mbele. Njia iliyothibitika ni kumnyima bakteria nafasi ya kurudi kuwaamsha.

Siku tisa za kwanza

Makoo mengi yanayouma yanatokana na virusi na hayahitaji antibiotiki. Mafua yanayotiririka, kikohozi, sauti kukauka na macho mekundu huelekeza kwenye virusi. Koo la streptokokasi huja ghafla: kumeza kunauma, joto linapanda kufika nyuzi 38 au zaidi, tezi za shingo upande wa mbele, chini ya taya, zinavimba na kuuma zikiguswa, na kikohozi hakipo.

Mkalishe mtoto penye mwanga, umwambie aseme "aaa", mulika kwa tochi ya simu, na ikibidi kandamiza ulimi kwa kitako cha kijiko, katikati tu, usiende mbali asitapike. Mafindofindo yaliyovimba, mekundu sana au yenye mabaka meupe ya usaha yanatosha kukutoa nyumbani kwenda kituo cha afya. Ila mtoto anayedondosha mate kwa kushindwa kumeza, anayekaa ameinama mbele ili apate pumzi, au mwenye utando wa kijivu kooni, usimchunguze kwa kijiko. Huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo.

Antibiotiki ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inazuia homa ya baridi yabisi. Kwa hiyo hesabu kuanzia siku ya maumivu, hata kama mtoto anaonekana amepona. Dawa zenyewe ni hizi:

- Sindano moja ya penisilini ya benzathini, uniti 1,200,000 kwa mwenye kilo 27 au zaidi, 600,000 kwa mwenye uzito wa chini ya hapo. Miongozo mingine huweka mpaka wa kilo tofauti kidogo, na mhudumu atafuata ule wa nchi yake.
- Au amoksilini ya kumeza, miligramu 50 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, isizidi gramu 1, kwa siku 10.
- Au penisilini V, miligramu 250 mara mbili au tatu kwa siku kwa mtoto mdogo, 500 kwa mkubwa, kwa siku 10.
- Mwenye mzio wa penisilini hupewa dawa nyingine, kama azithromaisini, kwa uamuzi wa daktari.

Mambo huharibika kwenye zile siku 10. Siku ya tatu koo limepoa, chupa inawekwa kabatini "akiumwa tena". Bakteria waliobaki wanaendelea kuchokoza kinga. Kama unajua nyumbani kwako dawa haifiki siku ya kumi, chagua sindano. Na msidanganywe kwamba penisilini ni ya kizamani na imeshazoeleka: hadi leo streptokokasi wa kundi A bado anakufa kwa penisilini.

Kuhusu kukata kimeo: kile kinyama kinachoning'inia hakisababishi ugonjwa huu, na kukikata hakumwondoi bakteria hata mmoja. Kunaongeza kutoka damu na kidonda kipya mahali pale pale penye maambukizi, na mbaya zaidi, kunapoteza zile siku tisa.

Ikiwa imeshaingia

Homa ya baridi yabisi hutokea mara nyingi wiki 2 hadi 3 baada ya koo. Madaktari hutumia vigezo vya Jones, vilivyoanza 1944 na kurekebishwa 2015, na vile vya 2015 vimelegezwa kwa maeneo yenye ugonjwa mwingi kama yetu. Mzazi hahitaji kuvikariri. Atafute haya: maumivu ya viungo vikubwa yanayohama, homa, kuchoka au kupumua kwa shida, vinundu vigumu visivyouma chini ya ngozi ya viwiko na magoti, na kwa nadra madoa ya ngozi yenye kingo nyekundu kama pete.

Dalili moja husahaulika sana, na inawatesa watoto bure. Mikono na uso vinachezacheza bila mtoto kutaka. Mwandiko unaharibika ghafla, kikombe kinamponyoka, analia au kukasirika bila sababu. Shuleni anapigwa kwa uzembe, nyumbani anapelekwa kuombewa au kwa mganga. Ni kingamwili zilezile, safari hii zimegusa sehemu ya ubongo inayoratibu miendo. Inaweza kuja miezi kadhaa baada ya koo, wakati kila mtu ameshasahau. Mpe vidole vyako viwili ashike kwa nguvu bila kuachia: mwenye tatizo hili atabana na kulegeza, kubana na kulegeza, kama anakamua ng'ombe. Mwambie atoe ulimi: hautulii nje. Akilala usingizi, miendo inakoma. Mtoto huyu apimwe moyo hata kama hana homa wala maumivu ya viungo.

Makosa mawili ya kuepuka hapa. La kwanza ni kumpa ibuprofeni, diklofenaki au aspirini kabla hajaonwa. Viungo vya homa hii hutulia haraka mno kwa dawa hizo, na daktari atakuta goti zima na historia iliyofifia. Tumia parasetamoli mpaka uchunguzi ukamilike. La pili ni kipimo cha damu cha ASO. Kikitoka juu, kinaonyesha tu kwamba mwili ulikutana na streptokokasi karibuni. Hakisemi mtoto ana homa ya baridi yabisi. Wapo wanaochomwa sindano miaka kwa sababu ya karatasi hiyo peke yake, bila dalili, bila eko. Ombeni eko ya moyo, yaani ultrasaundi ya moyo. Hiyo ndiyo inayoonyesha vali inavyofunga, na hunasa uharibifu ambao sikio la daktari na mpira wake halijausikia.

Kwa nini 28, na kwa nini isiwe "kila mwezi"

Aliyewahi kupata homa hii anahitaji penisilini ya benzathini mfululizo, ili koo lisipate streptokokasi tena na kumbukumbu ya kinga isiamshwe. Penisilini hii huyeyuka polepole kutoka kwenye msuli. Kiwango chake kwenye damu hushuka siku hadi siku, na kwa watu wengi wiki ya nne ulinzi umeshakuwa mwembamba. Ratiba ni kila baada ya siku 28, na kwa walio hatarini zaidi, au waliorudiwa na homa wakiwa kwenye sindano, siku 21.

Siku 28 ni wiki 4 kamili, kwa hiyo sindano ikichomwa Jumanne, itakuwa Jumanne daima. Kwa mwaka zinatoka 13. Ukienda "tarehe 5 ya kila mwezi" zinatoka 12, na karibu kila mwezi unamwacha mtoto siku 2 au 3 bila ulinzi wa kutosha. Andika Jumanne zote 13 kwenye kalenda ya ukutani mara moja, mwanzoni mwa mwaka. Ikipita, usisubiri mwezi ujao: nenda siku hiyohiyo uliyokumbuka, kisha anza kuhesabu 28 upya.

Muda wa kuendelea hutegemea moyo ulivyoguswa. Kama haukuguswa, ni miaka 5 au hadi afikishe miaka 21, lolote litakalochukua muda mrefu zaidi. Uliguswa ukapona bila vali kubaki na kasoro, miaka 10 au hadi miaka 21. Vali ikibaki mbovu, miaka 10 au hadi miaka 40, na wengine maisha yote. Aliyefanyiwa upasuaji wa vali anaendelea na sindano, kwa sababu vali nyingine zipo na kumbukumbu ya kinga haikukatwa na kisu.

Je, ina faida kwa mtoto ambaye hana dalili yoyote, ila eko imeonyesha mabadiliko ya mwanzo? Jibu zuri limetoka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Watoto 818 wa namna hiyo waligawanywa kwa kura, nusu wakapata sindano kila wiki 4 kwa miaka 2. Ambao eko ya baadaye ilionyesha ugonjwa umezidi, upande wa sindano walikuwa 3. Upande usio na sindano walikuwa 33.

Siku ya sindano

Sindano hii inauma. Watoto wengi huiacha kwa sababu ya uchungu, na uchungu huo kwa sehemu kubwa unatokana na namna inavyochomwa.

Kwanza soma kichupa. Liwepo neno linaloanza na Benza. Kuna penisilini nyingine zinazofanana kwa jina, kama kristapeni na PPF, ambazo hutoka mwilini kwa saa chache au siku moja hivi. Akichomwa hiyo, kadi itaonyesha amepata na mwili utakuwa mtupu.

Mtoto awe amekula na kunywa maji. Alale, asisimame wala kukaa pembeni mwa kitanda, maana kuzirai ni kawaida. Muuguzi achanganye unga kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye kichupa, au kwa lignokeni 1% isiyo na adrenalini pale mwongozo unaporuhusu, jambo linalopunguza sana maumivu. Asipunguze maji ili "iwe kidogo": dawa ikiwa nzito inaziba sindano katikati ya kazi, na mtoto anachomwa mara mbili. Azungushe kichupa kati ya viganja mpaka mabonge yaishe, achome mara moja kabla haijatuama. Ile sindano yenye kitako cha kijani, namba 21, hupitisha vizuri.

Mahali ni msuli wa paja upande wa nje au wa nyonga upande wa pembeni. Kabla ya kuchoma, bonyeza kwa kidole gumba sekunde 10 kwa nguvu, neva za hapo zinapumbaa kidogo. Ingiza, vuta kidogo kuhakikisha hakuna damu, kwa kuwa dawa hii ikiingia kwenye mshipa inaweza kuua. Sukuma taratibu, dakika 2 hadi 3. Kisha asubiri kituoni dakika 30. Adrenalini iwe imeshaandaliwa mezani, miligramu 0.01 kwa kila kilo kwenye msuli wa paja, isizidi 0.5, kwa ajili ya mzio mkali ambao ni nadra lakini hauna subira.

Tahadhari kwa mwenye vali mbovu sana, anayevimba miguu, anayehema akiwa amelala chali, au mwenye moyo dhaifu: vifo vichache vinavyotokea baada ya sindano kwa wagonjwa hawa mara nyingi havitokani na mzio. Uchungu na woga hushusha shinikizo la damu ghafla, na moyo uliochoka hauwezi kujinyanyua. Tangu 2022 wataalamu wa moyo wa Marekani wanashauri wapewe vidonge badala yake, penisilini V miligramu 250 mara mbili kila siku. Muulizeni daktari kuhusu hilo kabla ya sindano ijayo.

Vali ikishaharibika

Ishara ni kuhema kwenye mwinuko ambao wenzake wanaupanda wakiongea, kuhitaji mito miwili usiku, kikohozi cha usiku kinachoitwa pumu lakini dawa za pumu hazikisaidii, mapigo yanayokimbia ovyo, na miguu kuvimba. Hapo ni kliniki ya moyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam na Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala, hutibu vali hizi, nyingine kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, nyingine kwa upasuaji.

Mwenye mitral iliyobana na mapigo ovyo, au mwenye vali ya chuma, humeza wafarini ili damu isigande. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kwa wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3, na kwa vali ya chuma ya mitral 2.5 hadi 3.5. Mchicha, kisamvu na matembele hushusha nguvu ya wafarini. Msiyaache, kuleni kiasi kilekile kila wiki. Na msikubali kubadilishiwa kwenda rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu tu haihitaji kupimwa: utafiti mkubwa wa 2022 kwa wagonjwa wa baridi yabisi wenye mapigo ovyo ulionyesha wafarini ndiyo iliyookoa maisha zaidi.

Msichana mwenye vali mbovu aonwe na daktari wa moyo kabla ya kubeba mimba. Damu huongezeka karibu nusu wakati wa ujauzito, na mlango uliobana hauwezi kuipitisha yote. Penisilini ya benzathini ni salama kwa mjamzito, aendelee nayo. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo asiache wala kuendelea peke yake. Aende kliniki wiki ileile hedhi inapokosekana.

Figo nazo

Bakteria huyuhuyu, akiwa kooni au kwenye vidonda vya ngozi, anaweza kuleta balaa jingine. Kingamwili zikishikana na vipande vyake huwa vifundo vinavyonasa kwenye vichujio vya figo, na chembe nyeupe zinavifuata huko. Wiki 1 hadi 3 baada ya koo, au 3 hadi 6 baada ya vidonda vya ngozi, mtoto anaamka uso umevimba kuzunguka macho, na mkojo una rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Apimwe shinikizo la damu siku hiyohiyo, kwa kuwa likipanda sana huleta degedege. Watoto wengi hupona kabisa. Vidonda vya upele vinavyotoa usaha visiachwe vikauke vyenyewe.

Akienda shule ya bweni

Sindano nyingi hupotea hapa. Kabla ya kufungua shule, mpeni barua ya kliniki yenye mambo matatu: jina la dawa na uniti zake, tarehe ya sindano ya mwisho na zote zinazofuata za muhula, na jina la kituo cha afya cha jirani kilichokubali kumchoma. Piga simu kituo hicho kuuliza kama dawa ipo, maana huisha mara kwa mara. Matroni abaki na nakala moja, mtoto nyingine, na picha ya kadi ibaki kwenye simu ya mzazi. Mwambieni matroni pia kwamba mtoto huyu akiumwa koo hasubiri wikiendi.